NYUMBA IMFUNZAYO MTOTO KUJITEGEMEA

Saa 12 na nusu asubuhi, katika nyumba nyingi za Kenya, mambo huwa ni yale yale. Mama yuko motoni akitazama chai, baba anatafuta ufunguo, na mtoto wa miaka 4 amesimama katikati ya chumba akingoja. Angoja avuliwe nguo za kulalia, angoja anawishwe uso, angoja avishwe shati, afungwe vifungo na kutiwa viatu. Si mvivu, wala si mgonjwa. Shati lake limetundikwa juu kuliko kichwa cha babaye. Maji yamo katika pipa refu. Vikombe vimepangwa juu ya kabati. Nyumba yote imepangwa kwa kimo cha watu wazima, naye hana budi kungoja.

Mtoto huyo amefikia umri wa kuingia shule ya awali, ambayo kwa mpango wa elimu wa Kenya huanza katika miaka 4. Huko mwalimu mmoja ana watoto wengi mbele yake, wala hawezi kumfunga kila mmoja viatu. Ajuaye kunawa, kuvaa na kwenda chooni peke yake huketi akajifunza pamoja na wenzake. Asiyejua hulia, au hunyamaza akajichafua, kisha wenzake wakamcheka, na tangu siku ile akaichukia shule.

Wazazi wengi hutaka kulitengeneza jambo hili kwa kukemea. "Wewe ni mkubwa sasa, jifanyie mwenyewe!" Lakini amri haimwongezei mtoto urefu wa mkono. Kujitegemea huanza pale nyumba inapopangwa hata mtoto akaweza kufanya lile analoambiwa afanye.

KABATI LILILOSAHAULIWA WAZI

Tarehe 6 Januari, 1907, daktari mmoja mwanamke wa Italia, jina lake Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Mtaa huo ulikuwa wa watu maskini. Wazazi walikwenda kazini mchana kutwa, na watoto wao, ambao hawakutimiza umri wa kwenda shule, walibaki wakizurura na kuharibu kuta za majumba.

Hapo mwanzo vifaa vya watoto vilifungiwa kabatini, na mlezi ndiye aliyevigawa. Siku moja mlezi alisahau kulifunga kabati. Alipofika aliwakuta watoto wamekwisha chukua kila mmoja kitu alichokitaka, na baadhi yao wameanza kazi. Mlezi aliona kuwa ni wizi akataka kuwaadhibu. Dkt. Montessori aliona jambo jingine: watoto walivijua vitu vile vyema, na waliweza kuchagua wenyewe. Baada ya hapo yaliwekwa makabati mafupi yaliyo wazi, ambayo mtoto aliweza kuyafikia. Zilitengenezwa pia meza na viti vyepesi, ambavyo mtoto mdogo aliweza kuvihamisha bila kuomba msaada.

Dkt. Montessori alifariki mwaka 1952. Shule zifuatazo njia yake zimeenea katika nchi nyingi, na Kenya ni mojawapo.

HEKIMA ILIYOKUWAKO KENYA

Hata hivyo isidhaniwe kwamba maarifa haya yalitoka Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Charles Super, alichunguza malezi ya watoto wachanga huko Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis, magharibi mwa Kenya. Aliona kwamba akina mama hawakungoja mtoto aketi kwa bahati. Walimketisha katika kishimo kidogo kilichochimbwa ardhini, ili kingo za shimo zimshike mgongo asianguke. Baadaye walimshika mikono wakamzoeza kutembea. Watoto hao waliketi na kutembea yapata mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa, jambo ambalo hawakuzoezwa vile, hawakuwatangulia.

Kishimo kile kilikuwa kiti cha kwanza cha mtoto. Kilifanywa kwa kipimo chake, hakikugharimu senti, nacho kilimsaidia bila kumfanyia kazi yake.

Kadhalika, katikati ya miaka ya 1950, wataalamu Robert na Barbara LeVine walikaa Nyansongo, katika nchi ya Wagusii, wakaandika habari za watoto waliochota maji, kuleta kuni na kulea wadogo zao. Habari hizo zililinganishwa na za watoto wa Mexico, Ufilipino, Okinawa, India na Marekani katika kitabu kilichotolewa mwaka 1975. Ilionekana kwamba watoto wa Nyansongo walikuwa mbele katika kuwasaidia wengine na kuwajali.

Basi mtoto wa Kenya hakupungukiwa na uwezo. Kilichobadilika ni makao. Jamaa nyingi sasa hukaa katika vyumba vya kupanga mjini, ambamo hamna ua, hamna mto, wala hamna kibuyu kidogo cha mtoto. Hapana budi makao hayo mapya nayo yapangwe kwa kumkumbuka mdogo.

KUIPANGA NYUMBA

Kwanza mzazi achutame mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, kisha atazame chumbani. Mara moja ataona ni vitu vingapi mwanawe anavitazama kila siku bila kuvifikia. Hahitaji kununua samani. Chumba kimoja chatosha, kikigawanywa kwa akili.

Maji ya kunawa. Gelani kuukuu ya lita 5 hutobolewa tundu dogo karibu na shingo, ikatundikwa kwa kamba baina ya miti miwili, na kamba nyingine ikafungwa kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto akikikanyaga kijiti, gelani huinama na maji hutoka. Chombo hiki huitwa kibuyu chirizi, na watu wengi wamekwisha kiona shuleni. Nyumbani kitundikwe kwa kimo cha mtoto, na sabuni itiwe katika kitambaa cha wavu ining'inie kando. Asiye na ua aweza kuweka beseni juu ya kigoda, na kopo dogo la kuchotea.

Maji ya kunywa. Yatiwe maji yaliyochemshwa na kupoa katika jagi dogo lenye kifuniko, nalo lijazwe nusu tu, maana jagi lililojaa ni zito kwa mkono mdogo. Kando yake kiwekwe kikombe chake kimoja kisichovunjika, na kitambaa cha kupangusia. Kitambaa kina kazi kubwa sawa na jagi, kwa kuwa maji yatamwagika, na mtoto aliye na kitambaa ajua la kufanya.

Nguo. Ubao wenye vigingi vifupi vya mbao, visivyochongoka, upigiliwe ukutani mahali ambapo mtoto hufika. Misumari isitumiwe, kwani kwa kimo hicho yaweza kumchoma jicho. Yawekwe pia masanduku mawili ya karatasi ngumu, moja la nguo safi na jingine la nguo chafu. Kaptura yenye mpira kiunoni humfaa mdogo kuliko yenye mkanda, hasa anapokimbilia choo. Usiku mzazi aandae mashati mawili, asubuhi mtoto achague moja. Kuchagua baina ya mawili kwatosha. Akipewa kumi atachanganyikiwa.

Choo. Watoto wengi huogopa choo cha shimo, nao wana haki, kwa maana shimo lilitobolewa kwa mguu wa mtu mzima. Seremala aweza kutengeneza ubao imara wenye tundu dogo, ukawekwa juu ya shimo wakati mtoto anapolitumia. Mwanzoni mtu mzima asimame mlangoni mpaka hofu ipungue.

Kazi za nyumbani. Ufagio mfupi, sahani yake, na kigoda cha kukalia humpa mtoto nafasi miongoni mwa watu wa nyumba. Wa miaka 2 aweza kutia nguo chafu sandukuni. Wa miaka 3 aweza kumimina, kufuta meza na kuwamwagia kuku chakula. Wa miaka 4 au 5 aweza kuosha kikombe chake, kuchagua maharagwe, na kukunja nguo ndogo. Watoto hawalingani, kwa hiyo miaka hii ni kiasi tu.

KUONYESHA, KISHA KUNGOJA

Chombo peke yake hakifundishi. Mzazi aonyeshe kazi polepole, kwa maneno machache, akianza na sehemu iliyo rahisi. Katika kufunga shati, mathalan, aanze na kifungo cha chini, ambacho mtoto akiona, kisha apande juu. Akishaonyesha, aondoe mikono yake.

Hapo ndipo penye shida. Mama ana haraka, na kumvisha mtoto ni kazi ya dakika moja, lakini kumngoja avae ni kazi ya dakika kumi. Dawa yake ni kuanza siku isiyo na haraka, na kuamka mapema kidogo kwa majuma machache ya mwanzo. Ikiwa kifungo kimeingia tundu silo, na hakuna madhara, kiachwe. Mtoto anayeona kazi yake ikifumuliwa mbele ya macho yake hujifunza jambo moja tu, kwamba haifai kujaribu.

Yafaa pia nyumba nzima ikubaliane. Mara nyingi mama humwacha mtoto ale mwenyewe, na bibi akamlisha kwa huruma. Au kaka mkubwa akamfunga viatu ili watoke upesi. Mapenzi hayo ni mema, lakini humnyang'anya mtoto zoezi lake. Bibi, kaka na yaya waelezwe shabaha ni nini, nao wapewe sehemu katika kuonyesha.

CHA HATARI KIPANDE JUU

Kumpa mtoto uhuru si kuyaacha mambo ovyo. Kanuni ni moja: kimfaacho kishuke, kimdhuruco kipande. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwani mtoto ajuaye kujimiminia kinywaji hujimiminia na hayo. Dawa, viberiti na visu vikali vifungiwe. Pipa na ndoo ya maji vifunikwe imara, maana mtoto mdogo aweza kufa maji hata katika ndoo. Jiko la makaa na sufuria ya moto visiwe njiani mwake. Mzazi aliyevipandisha vitu hivi vichache hana haja ya kusema "Usiguse!" mchana kutwa.

Na tena, kujitegemea si kubebeshwa mzigo. Mtoto wa miaka 5 aoshaye kikombe chake anajifunza. Mtoto wa miaka 5 aachwaye peke yake na mdogo wake tangu asubuhi hata jioni ameonewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, humlinda kila mtoto na kazi za hatari na za kumnyonya. Kipimo ni kutazama faida ni ya nani: ikiwa kazi yamkuza mtoto, na ikiisha aenda kucheza, ni malezi. Ikiwa yamchosha na kumnyima mchezo, usingizi au shule, si malezi tena.

Wazee walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyumba ile ya saa 12 na nusu yaweza kugeuka kwa gharama ya gelani kuukuu, kamba, na kipande cha ubao. Haihitaji kugeuzwa siku moja. Juma hili mzazi ashushe kitu kimoja tu, kiwe shati au kikombe, aonyeshe mara moja, kisha angoje. Huenda mara ya kwanza shati likavaliwa nyuma mbele. Lakini mtoto atakapotoka mlangoni kwenda shule, atakuwa amejivika mwenyewe, naye atalijua hilo kabla mwalimu hajamwita jina.