Rafiki wa Kupanda Naye

Leo twataka kusema na vijana, na wazazi nao wasikie, juu ya urafiki na ushujaa.

Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji wa Leningrad, katika Urusi, ambao tangu 1991 unaitwa tena St Petersburg. Taabu hiyo ilianza tarehe 8 Septemba 1941, ikaisha tarehe 27 Januari 1944. Ndege zilitupa mabomu ya moto kwa maelfu. Bomu la namna hiyo ni dogo, bali huwaka kwa ukali sana. Likiachwa hutoboa paa na kuiteketeza nyumba nzima. Lakini likiwahiwa, hata kijana wa miaka 14 aweza kulizima. Basi king'ora kilipolia na watu kukimbilia mahandaki, vijana wengi, wavulana kwa wasichana, walipanda juu ya nyumba. Walikuwa na makoleo marefu, mchanga na mapipa ya maji. Bomu likianguka walilikamata kwa koleo, wakalizamisha majini au kulifukia mchangani.

Kazi kama hiyo yataka mwenzi. Someni 1 Samweli 14. Yonathani alipotaka kulipanda jabali kuwaendea adui, kijana mchukua silaha zake hakumwuliza faida yake. Alimwambia kwamba yu pamoja naye, wakapanda wote wawili.

Lakini ushujaa mwingine ulihitajiwa chini, mahali pasipo na king'ora. Kuanzia Novemba hadi Desemba 1941, watoto na watu wasio na kazi walipata gramu 125 tu za mkate kwa siku, nao ulichanganywa na vitu visivyo unga. Mabomba ya maji yaliganda kwa baridi. Watu wengi sana walikufa kwa njaa. Mapema mwaka 1942 vikundi vya vijana, wengi wao wasichana, walikwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliolala bila nguvu. Waliwatekea maji, wakawapasulia kuni na kuwasha jiko, wakawapelekea yatima mahali pa kutunzwa. Tena walichukua kadi ya mgonjwa, wakapanga foleni, wakamletea mkate wake. Fikirini jambo hilo! Kijana mwenye njaa ameshika mkononi mkate wa mtu asiyeweza hata kusimama. Nani angemwona akiumega? Kuufikisha mzima ni ushujaa usiopungua ule wa juu ya paa.

Vijana hao walikuwa wa chama ambacho viongozi wake walimkana Mungu. Je, tuwadharau? Bwana wetu alipotaka kutuonyesha jirani ni nani, hakumchagua kuhani wala Mlawi, bali Msamaria. Itakuwa aibu ikiwa sisi tunaoimba kila Jumapili tutapitwa na wengine katika kumtekea mzee maji.

Kijana, wapime rafiki zako. Yuko akuitaye kuukimbia wajibu, na yuko apandaye pamoja nawe. Mshike huyo wa pili. Na juma hili, kabla ya Jumapili, nendeni wawili wawili kwa jirani mmoja aliye mgonjwa au mzee, mkamwulize anahitaji nini.

Mungu awabariki na kuwatia nguvu. Amina.