Kustaafu Pwani: Piga Hesabu Kabla ya Kuhama

Msomaji, huenda wewe au mzazi wako anakaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa watumishi wengi wa serikali. Kelele za Nairobi zimemchosha. Anaota nyumba ya makuti huko Kwale, upepo wa bahari na samaki wabichi. Ni ndoto nzuri, lakini je, mfuko utaiweza?

Diani ni mji wa watalii, na bei zake ni za kitalii. Ukishuka kusini hadi Msambweni, maisha huwa nafuu; muhogo, nazi na mboga hutoka mashambani papo hapo. Tena kuna hospitali ya rufani ya kaunti, jambo ambalo mzee mwenye shinikizo la damu hawezi kulipuuza. Ajisajili pia na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024.

Kumbuka kuwa hewa ya chumvi hula mabati na misumari, na visima vingine vya karibu na ufuo hutoa maji ya chumvi.

Hatari kubwa ni ardhi. Mizozo ya mashamba Kwale ni ya miaka mingi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, chunguza hatimiliki katika ofisi ya ardhi, kisha muulize mzee wa kijiji ni nani analima hapo. Kiinua mgongo hakilipwi mara mbili!

Ushauri wetu? Panga nyumba mwaka mmoja kwanza. Onja masika, hudhuria harusi na matanga ya majirani Wadigo. Moyo ukitulia, ndipo ujenge. Mwenda pole hajikwai.