Dawa iliyotoka Yale na mkataba ulioitangulia

Mtu aliyeanza kutumia ARV Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 2000 huenda bado anaikumbuka Triomune. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, na ndani yake dawa tatu: stavudini, lamivudini na nevirapini. Ilikuwepo ya 30 kwa mwenye uzito chini ya kilo 60, na ya 40 kwa aliyezidi hapo. Namba hizo ni miligramu za stavudini, ambayo kliniki ilijulikana zaidi kwa jina la d4T. Ndiyo iliyowaachia wengi ganzi ya miguu na mashavu yaliyobonyea, hadi mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iondolewe taratibu. Ndiyo hiyohiyo pia iliyowanyanyua watu kitandani wakati hakukuwa na nyingine ya bei ile.

Wachache wanajua kwamba haki ya d4T ilikuwa mikononi mwa chuo kikuu: Yale.

Nayaandika haya kwa ajili ya wadogo zetu wanaokuja huku Marekani, Kanada na Ulaya kusomea uzamili na uzamivu kwenye maabara. Mara tu baada ya kufika wanapewa rundo la karatasi za kusaini. Mojawapo husema kwamba chochote utakachovumbua ukiwa hapa ni mali ya chuo. Watu huisaini kama wanavyosaini fomu ya maktaba, wakakimbilia kutafuta chumba cha kupanga. Sasa tuone karatasi za namna hiyo huishia wapi.

Kwanza, d4T haikuzaliwa Yale. Aliyeitengeneza ni Jerome Horwitz, mkemia wa Detroit, mwaka 1966, akitafuta dawa ya saratani. Miaka miwili kabla alikuwa ametengeneza AZT kwa lengo hilohilo. Zote mbili zilishindwa saratani, akaziweka kando bila kuziombea hataza. Miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia, William Prusoff na Tai-Shun Lin wa Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, walionyesha kuwa d4T inazuia virusi. Yale ikaomba hataza, si ya kemikali yenyewe, bali ya kuitumia dhidi ya HIV, kisha ikaipa kampuni ya dawa ya Bristol-Myers (baadaye Bristol-Myers Squibb) leseni ya pekee. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliiidhinisha, ikaingia sokoni kwa jina la Zerit. Horwitz hakuwa na hataza, kwa hiyo hakuwa na mrabaha wa kudai. Yale, kwa upande wake, ilipata kiasi cha dola milioni 40 kutokana na Zerit katika mwaka 1999 peke yake.

Chuo kilipataje haki ya kuuza matokeo ya utafiti uliogharamiwa na walipa kodi? Jibu ni sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter Desemba 1980, iitwayo Bayh-Dole kwa majina ya maseneta wawili, Birch Bayh wa Indiana na Bob Dole wa Kansas. Kabla yake, uvumbuzi uliofanywa kwa fedha za serikali kuu kwa kawaida ulikuwa wa serikali. Serikali ilikuwa imerundika hataza takriban 28,000, na zilizopata kampuni ya kuzitumia hazikufika asilimia 5. Hakuna mfanyabiashara aliyetaka kumwaga mamilioni kwenye majaribio ya dawa ambayo kesho jirani yake angeruhusiwa kuinakili. Bayh-Dole ikasema: chuo kibaki na hataza, kitafute kampuni, kigawane mapato na mvumbuzi, na serikali ibaki na haki ya kuingilia kati endapo umma hautahudumiwa. Haki hiyo ya kuingilia kati haijawahi kutumika hata mara moja, ingawa imeombwa, ikiwemo kwa dawa ya saratani ya tezi dume iliyotoka UCLA, ambayo ombi lake lilikataliwa mwaka 2023.

Sitaki kuisema vibaya sheria hii kuliko inavyostahili. Tatizo ililolitibu lilikuwa la kweli. Uhawilishaji wa teknolojia, yaani kuutoa uvumbuzi maabara na kuufikisha kiwandani, ni kazi inayohitaji watu wa kuifanya, na karibu kila chuo kikubwa cha utafiti huku sasa kina ofisi yake. Wisconsin ilianza mapema, 1925, baada ya Harry Steenbock kugundua kuwa mwanga wa urujuanimno unaongeza vitamini D kwenye chakula. Wahitimu wakaunda taasisi ya kusimamia hataza ili faida irudi kwenye utafiti. Stanford ilifungua ofisi yake mwaka 1970. Utaratibu wao wa kugawana unafahamika: asilimia 15 ya ofisi, kinachobaki kinakatwa mafungu matatu, moja la mvumbuzi, moja la idara, moja la kitivo. Hataza yao maarufu, ya Cohen na Boyer kuhusu kuunganisha vinasaba, ilitolewa kwa leseni ya wazi kwa kila kampuni iliyolipa ada. Muda wake ulikwisha mwaka 1997. Zaidi ya kampuni 400 zililipa, na kwa jumla iliingiza takriban dola milioni 255. Anayedai kwamba chuo hakipati fedha bila leseni ya pekee aelezwe habari hiyo.

Lakini d4T ilipewa leseni ya pekee, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2001 ulipofika.

Februari mwaka ule, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alitangaza kuwa yuko tayari kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Za kampuni zenye hataza ziligharimu dola 10,000 hadi 15,000. Stavudini ilikuwa mojawapo ya zile tatu, na Afrika Kusini Yale ilikuwa na hataza. MSF wakaiandikia Yale barua wakiomba iruhusu dawa ya bei nafuu iingizwe. Yale ikajibu kwamba haina la kufanya: leseni ya pekee iko kwa Bristol-Myers Squibb, waulizwe wao.

Ukilisoma jibu hilo kwa jicho la sheria, ni sahihi kabisa, na ubaya wake uko hapohapo. Waliosaini leseni ile miaka ya 1980 hawakuacha ndani yake hata mstari mmoja wa kumkumbuka mgonjwa wa Soweto. Leseni ikishasainiwa, chuo kinabaki kupokea hundi.

Waliosukuma mambo ni wanafunzi, akiwemo Amy Kapczynski aliyekuwa akisoma sheria palepale Yale. Walikusanya saini, wakawatafuta waandishi wa habari, na Prusoff mwenyewe, mzee aliyekuwa akipata mrabaha wa dawa hiyo, akasimama hadharani upande wao. Wakati huohuo kampuni 39 za dawa zilikuwa Pretoria zimeishitaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya dawa, na dunia nzima ilikuwa inatazama. Tarehe 14 Machi Bristol-Myers Squibb ikatangaza kwamba haitaidai hataza hiyo Afrika Kusini na kwamba itashusha bei ya Zerit barani Afrika hadi senti 15 kwa siku. Kampuni ilipima, ikaona kuendelea kubishana kunaiharibia jina kuliko kuachia soko ambalo halikuwa likiiingizia kitu cha maana. Mwezi uliofuata zile kampuni 39 ziliondoa kesi.

Vyuo vilijifunza, walau kwenye karatasi. Mwaka 2007 Stanford, Harvard, Yale na wenzao walitoa mambo tisa ya kuzingatia wakati wa kutoa leseni, na la tisa linahusu wagonjwa na maeneo yaliyosahaulika. Kwa maoni yangu, kuliweka la mwisho kunaeleza mengi. Berkeley ilikwenda mbali zaidi: mtafiti wake Jay Keasling alifanikiwa kuifanya hamira itengeneze malighafi ya artemisinini, dawa ya malaria, na chuo kilitoa leseni bila mrabaha kwa ajili ya nchi maskini. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuizalisha kiwandani Italia. Nia njema kabisa, ila artemisinini ilikuwa tayari inatoka shambani, na baadhi ya wakulima wa mmea huo walikuwa Tanzania, Kenya na Uganda. Leseni iliyomfikiria mgonjwa wa malaria haikumfikiria mkulima anayeishi kijiji kimoja naye.

Na tusidhani sisi huwa tuko upande wa kupokea dawa tu. Majengo, Nairobi, kuna kliniki ambako tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, waliwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono, ambao baadhi yao hawakuambukizwa HIV licha ya kukutana nayo mara kwa mara. Damu ya wanawake wale ilisaidia kuzaa wazo la chanjo, ikatengenezwa kwa ushirikiano na Oxford. Mwaka 2000 ikabainika kwamba ombi la hataza limewasilishwa Uingereza bila Nairobi kutajwa. Kelele zikapigwa, mazungumzo yakafanyika, Nairobi ikaingizwa miongoni mwa wamiliki. Chanjo haikufanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyetajirika. Lakini ingefanya kazi, na kelele zisingepigwa mapema?

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyefika juzi, isome ile karatasi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimaliza kesi kati ya Stanford na kampuni ya Roche kuhusu kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI, na Stanford ikashindwa. Mtafiti wake alikuwa amesaini karatasi chuoni akiahidi kwamba atahamisha haki za uvumbuzi wake. Baadaye, alipokwenda kujifunza mbinu kwenye kampuni ya Cetus, ambayo haki zake zilikuja kuwa za Roche, akasaini nyingine ya wageni iliyozihamisha palepale. Ya pili ikaishinda ya kwanza. Ukitembelea kampuni na ukapewa fomu mapokezi, ipige picha na uipeleke kwanza ofisi ya uhawilishaji ya chuo chako. Hawatozi kitu, na ndiyo kazi yao. Siku ukiwa na uvumbuzi, usiuwasilishe kwenye mkutano kabla ya kuwaambia, maana nchi nyingi hazitoi hataza kwa jambo lililokwisha kutangazwa. Uliza pia watakwenda kuiombea hataza nchi zipi, na kama leseni itaruhusu dawa au kifaa chako kitengenezwe kwa bei nafuu kule kwetu. Una haki ya kuuliza, na wakati wa kuuliza ni kabla kampuni haijasaini.

Nanyi walimu wetu wa Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Bujumbura, mgeni akija na mradi na fedha zake, jedwali la umiliki wa hataza lijazwe kabla ya sampuli ya kwanza kupanda ndege. Yakiwashinda majadiliano, tuandikieni. Huku tumejaa wanasheria wanaozungumza Kiswahili na wenye jioni za kutosha.