Karanga za sukari: zawadi ya Krismasi inayoanzia kwenye ungo

Mkenya huziita njugu, Mtanzania karanga, Mganda ebinyeebwa. Jina hubadilika kila unapovuka mpaka, lakini gunia ni lile lile. Katika kaunti ndogo ya Buhehe, wilayani Busia upande wa Uganda, karanga hupandwa mvua za Machi zikianza na kuvunwa mnamo Juni na Julai. Msimu wa pili huvunwa mwaka ukielekea ukingoni. Ndiyo kusema karanga mpya zinafika jikoni wakati ule ule watu wanapotafuta cha kubeba kwenda ukweni na kwa wazazi, kwa kuwa Krismasi haitembelewi mikono mitupu.

Mwenye kuuza karanga mbichi kwa gorogoro anajua faida yake ilivyo nyembamba. Wanunuzi huja na bei yao, na siku soko likijaa hushusha zaidi. Karanga hizo hizo zikipikwa kwa sukari, iliki na mdalasini, zikafungwa vizuri, huwa bidhaa nyingine kabisa. Hakuna mashine inayohitajika. Jiko la mkaa, sufuria nzito, mwiko na sinia vinatosha.

Lakini kabla ya sufuria kuna ungo, na hapo ndipo biashara hii inapopona au kufa.

Adui asiyeonekana

Karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo wengi mpakani huijua kwa jina la aflatoksini. Sumu hii haina harufu. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini na kuleta saratani. Ikiliwa kwa wingi huua haraka. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Wapo wanaodhani moto humaliza kila kitu. Sivyo. Kukaanga hupunguza sehemu tu ya sumukuvu, na sukari na viungo huficha ule uchungu ambao ungemwonya mlaji. Karanga mbaya iliyofunikwa kwa sukari ni hatari kuliko karanga mbaya iliyo wazi, kwa sababu mtoto ataimaliza.

Kinga yake ni kazi ya mikono. Sumukuvu kwa kawaida hujikusanya katika punje chache, hivyo kuchambua kunaondoa sehemu kubwa ya hatari. Ondoa punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, iliyopasuka au iliyoanza kuchipua. Anayenunua karanga zenye maganda achukue chache azitikise sikioni: zilizokauka husikika zikicheza ndani. Asikubali karanga zilizorashiwa maji ili maganda yalainike, maana maji hayo ndiyo yanayoamsha ukungu. Na aliyevuna mwenyewe azianike juu ya turubai, si juu ya udongo.

Swali gumu ni hili: zile mbaya ziende wapi? Kishawishi ni kuzisaga ziwe mchuzi wa nyumbani, ili hasara isionekane. Huko ni kuihamisha sumu kutoka kwa mteja kwenda kwa watoto wako mwenyewe. Zifukiwe shimoni. Kuku na ng'ombe nao wasipewe.

Jikoni

Kwa kuanzia, tumia vikombe viwili vya karanga mbichi zilizochambuliwa, kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji. Zile nyekundu ndogo ambazo wakulima wa Uganda huziita Red Beauty zinafaa sana, kwani ngozi yake hushika sukari vizuri. Usizimenye.

Weka vyote vitatu katika sufuria pana kwenye moto wa wastani, ukikoroga mara moja moja. Maji yatachemka, sukari iyeyuke, kisha shira ianze kuwa nzito. Kuanzia hapo usiondoke jikoni, hata simu ikilia. Koroga bila kupumzika. Ghafla shira itakauka na kugeuka kama mchanga mweupe uliozigandia karanga. Wengi huogopa hapa, wakidhani wameharibu. Hawajaharibu, nusu ya kazi imekwisha.

Punguza makaa, endelea kukoroga. Ule mchanga utaanza kuyeyuka upya pole pole na kushika rangi ya kahawia. Sasa nyunyiza viungo: kijiko kidogo cha mdalasini wa unga, nusu kijiko cha iliki iliyotwangwa, tangawizi kavu kidogo na chumvi kiasi cha ncha ya vidole. Viungo huja mwishoni kwa sababu vikitangulia huungua na kuwa vichungu. Chumvi nayo isisahauliwe, kwani ndiyo inayomfanya mlaji arudie.

Zikisha kung'aa, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo na uzitenganishe haraka kwa mwiko. Usiguse kwa mkono: sukari iliyoyeyuka huunguza kuliko maji yanayochemka, na watoto wakae mbali na jiko. Kazi yote huchukua takribani dakika 20. Ziache zipoe kabisa, kwani zikifungwa zikiwa na joto hutoa jasho na kunata.

Anayetaka kashata kama za pwani azikaange karanga kwanza, azitwange kidogo, azichanganye na shira nzito na kukata vipande kabla hazijagumu.

Kufunga na kuvuka

Hapa ndipo wengi wa upande wa Uganda hujikwaa. Kavera inayouzwa kila duka ukiwa Uganda inaweza kukuletea kesi hatua chache mbele. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu inaweza kufika shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha miaka minne. Kwa zawadi, chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana ni bora: hewa haiingii, karanga hubaki kavu, na mpokeaji hubaki na chupa. Kwa rejareja, tumia karatasi safi isiyo na wino, na uuze upesi.

Bandika lebo hata kama umeiandika kwa mkono: jina la bidhaa, vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa na mwisho wa kutumika, na mahali pa kukupata. Neno "karanga" lisomeke wazi, kwa kuwa wapo watu ambao punje moja huwafunga pumzi.

Kubeba chupa mbili za shangazi si sawa na kubeba katoni kumi za sokoni. Kwa katoni, kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, ndiyo njia. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na iliyo katika orodha iliyokubaliwa. Uliza kwanza kama bidhaa yako imo, na karatasi gani za afya na ubora zinatakiwa. Alama ya ubora ya UNBS ya Uganda au KEBS ya Kenya inatakiwa kutambuliwa pande zote mbili kwa sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006. Njia za panya za Sofia huonekana za mkato, lakini mzigo ukikamatwa huko hauna karatasi ya kuutetea.

Wafanyabiashara hawajasahau Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, ila kwa masharti, likiwamo la kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Waliochambua na wasiochambua walisimama foleni moja.

Hesabu isiyojidanganya

Kilo moja ya karanga safi na nusu kilo ya sukari hutoa kama pakiti 28 za gramu 50. Lakini usihesabu karanga na sukari peke yake. Weka punje ulizotupa, mkaa, viungo, chupa, nauli ya bodaboda na saa zako. Ukipanga bei kwa sarafu mbili, tazama kiwango cha kubadilisha fedha siku ile ile, si cha wiki iliyopita. Anza na sufuria moja, uwaonjeshe majirani, usikie wanasema nini.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyekula karanga tamu Krismasi hii atauliza zilitoka wapi, na jibu litakuwa Buhehe. Aliyekuta punje moja yenye ukungu hatauliza. Atanyamaza tu, na mwakani atanunua biskuti.