Maktaba ya Kaunti na Muvi za Wendani

Karibu na steji ya Kahawa Wendani, sawa na mitaa mingine iliyoota kando ya barabara kuu ya Thika, duka la muvi halikosekani. Ni chumba chembamba chenye kompyuta moja au mbili, orodha za majina ya muvi zilizobandikwa mlangoni, na kijana anayejua kwa kichwa kila kilichotoka wiki hii Marekani na Korea Kusini. Mteja, mara nyingi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta aliyepanga bedsita hapo jirani, humkabidhi flashi. Kijana huichomeka, hutazama nafasi iliyobaki, hufuta zilizokwisha kutazamwa, kisha huuliza: ya vita, ya mapenzi, au ile aliyoitia sauti msimulizi DJ Afro? Shughuli yote huisha kabla matatu ya kwenda mjini haijajaa, na bei yake hata asiye na kazi huimudu. Lakini anayeingia humo kuulizia Supa Modo ya Likarion Wainaina au Kati Kati ya Mbithi Masya huenda akatoka na muvi ya Kikorea. Pengo hilo halitazibwa na duka la muvi, wala na kampuni za kulipia mtandaoni, wala na kumbi za sinema zilizohamia ndani ya maduka makubwa. Kazi hiyo ni ya maktaba ya umma, na mwenye mamlaka ya kuifanya yupo tayari: serikali ya Kaunti ya Kiambu.

Mamlaka hayo yameandikwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linapogawa kazi baina ya serikali ya kitaifa na kaunti, linazipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, kisha linazitaja: kamari, leseni za pombe, sinema, maonyesho na ukodishaji wa video, maktaba, makumbusho na kadhalika. Sinema, video na maktaba zimepangwa bega kwa bega katika kipengele kimoja, chini ya mkono mmoja. Ofisini, hata hivyo, ndugu hao hawajuani. Mwenye duka la video anajulikana kwa sababu analipia leseni. Maktaba inajulikana kwa sababu ni jengo linalohitaji rangi na mlinzi. Sijawahi kusikia hotuba ya bajeti ya kaunti yoyote iliyouliza kama upande unaotoza video unaweza kuununulia umma video. Swali lenyewe si geni, maana katika miaka ya kanda za VHS mitaa mingi ya Nairobi na viunga vyake ilikuwa na maduka ya kuazima kanda: unajiandikisha uanachama, unaacha amana, unarudisha Jumatatu, ukichelewa unalipa faini. Huo ni utaratibu wa maktaba ulivyo, isipokuwa ulikuwa mikononi mwa mfanyabiashara, na teknolojia ilipobadilika ukafa naye.

Je, kuna filamu za kuazima? Ndiyo, tena nzuri. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ilitoka 2012 na ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar katika kundi la lugha za kigeni. Kati Kati ilipata tuzo ya wahakiki katika tamasha la Toronto 2016. Supa Modo, kisa cha msichana mgonjwa ambaye kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu awe shujaa, ilizinduliwa Berlin 2018. Softie, filamu ya hali halisi ya Sam Soko kuhusu mwanaharakati Boniface Mwangi, ilituzwa Sundance 2020 kwa uhariri wake. Januari 2025, katika tamasha hilohilo la Sundance, Maia Lekow na Christopher King walionyesha How to Build a Library, inayowafuata Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wakipambana kuifufua Maktaba ya McMillan ya Nairobi, ile iliyofunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu. Filamu ya Kenya, kuhusu maktaba ya umma ya Kenya: msomaji wa Wendani ataiazima wapi?

Kuna jambo la kuudhi zaidi hapo. Nairobi Half Life, Kati Kati na Supa Modo zote zilitoka katika mradi wa One Fine Day Films wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer, na sehemu ya gharama ililipwa kwa fedha za umma za Ujerumani. Ujerumani hiyohiyo ina Taasisi ya Goethe katikati ya jiji la Nairobi, yenye maktaba inayoazimisha vitabu na filamu za Kijerumani. Alliance Française nayo imefanya vivyo hivyo kwa filamu za Kifaransa. Mkazi wa Wendani mwenye nauli ya kwenda mjini anaweza basi kuazima kihalali filamu iliyopigwa Berlin au Paris, ila iliyopigwa Nairobi kwenyewe ataitafuta kwa njia za panya. Wageni hao hawafanyi hisani. Wanajua kwamba filamu isiyotazamwa haijengi jina la nchi, na wanajua kwamba mtu hawezi kupenda asichokiona. Sisi tunatoa tuzo za Kalasha kila mara, tunapiga picha kwenye zulia jekundu, halafu filamu zilizoshinda zinarudi kwenye diski ngumu za waliozitengeneza.

Wapo watakaosema kila mtu sasa ana simu, na simu imekwisha kuwa maktaba. Hoja hii ilijaribiwa hapahapa Kenya, na matokeo yake tunayajua. Septemba 2021 Netflix ilianzisha nchini mpango wa bure kwa watumiaji wa simu za Android, na Novemba 2023 ikaufunga. Kampuni haikumkosea mtu. Mali ni yake na ilikuwa inatafuta wateja wa kulipa. Funzo ni kwamba mlango unaofunguliwa na mfanyabiashara hufungwa naye siku hesabu zake zinapobadilika. Filamu nazo huingia humo kwa mkataba wa muda na kutoka mkataba unapokwisha, kwa hiyo hata anayelipa kila mwezi hana hakika ya kuikuta mwakani ile aliyoisikia mwaka huu. Juu ya hayo kuna bando. Kutazama filamu ya saa mbili kwa data ya simu ni gharama inayomfanya mwanafunzi wa bedsita arudi kwa kijana wa flashi bila kujiuliza mara mbili, na mimi simlaumu.

Pingamizi la sheria lina uzito kuliko hilo, na watetezi wa maktaba hulipita haraka mno. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwenye kazi haki ya kudhibiti usambazaji wake kwa umma, na inataja waziwazi si kuuza na kukodisha tu, bali pia kuazimisha. Huko Marekani, sheria ya 1976 inamruhusu mwenye nakala halali ya filamu kuiazimisha bila kuomba tena ruhusa, na ndiyo maana maktaba za huko hujaza rafu za diski mpya kila wiki. Maktaba ya Kenya inayotaka kulala usingizi isiige hilo kwa kufumba macho. Iende kwa mtengenezaji, inunue nakala pamoja na ruhusa ya kuiazimisha, na ikubaliane naye isubiri miezi mingapi baada ya filamu kutoka sinema. Ubaya wake ni makaratasi. Uzuri wake ni kwamba, kwa filamu nyingi za Kenya, mwenye haki hiyo ni mtu unayeweza kumpigia simu Nairobi, si kampuni yenye mawakili Los Angeles.

Watengenezaji wenyewe huogopa kwamba nakala ikitoka maktabani Jumatatu, Jumatano itakuwa kwenye kila flashi mtaani Githurai. Inawezekana kabisa. Riverwood, ile sinema ya mtaa wa River Road iliyowalea wachekeshaji wa Kikuyu kama Kihenjo na Machang'i kwa diski za bei nafuu, iliumizwa sana na waliozinakili bila idhini. Lakini diski zile ziliibwa wakati hapakuwa na maktaba iliyonunua hata moja, kwa hiyo maktaba haiwezi kushtakiwa kwa wizi uliokuwepo kabla yake. Inachoweza kuongeza ni mnunuzi. Tufanye hesabu ya mfano tu: kaunti 47, kila moja ichukue nakala 10 za filamu moja kwa shilingi 2,000, ruhusa ya kuazimisha ikiwa ndani ya bei hiyo. Mtengenezaji anapata shilingi 940,000. Fedha hizo hazitoshi kutengeneza filamu nyingine, lakini zinatosha kumalizia deni la studio ya sauti, na duka la muvi leo humpa sifuri. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi: Denmark ilianza 1946 kuwalipa waandishi kwa ajili ya vitabu vyao vilivyomo maktabani, na Uingereza ikapitisha sheria ya malipo ya namna hiyo 1979.

Halafu kuna wale wanaoipenda maktaba kwa dhati na ndiyo sababu wanaona wazo hili ni kufuru. Watoto hawana vitabu, wanasema, na wewe unawaletea sinema? Wanayo haki ya kuuliza. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa iliundwa kwa sheria ya 1965, na kwa miongo yote hiyo ukata wa vitabu umekuwa wimbo wake. Hata hivyo, ingia katika maktaba ya umma ya mji wowote wa Kenya wiki za karibu na mitihani. Wengi waliokaa humo hawajashika kitabu cha maktaba. Wamekuja na madaftari yao, wakitafuta meza, taa na kimya, na mitihani ikipita wengi wao hawarudi. Anayefuata filamu ana sababu ya kurudi wiki ijayo, kwa kuwa lazima airudishe, na akiirudisha atapita mbele ya rafu za vitabu. Mwalimu wa fasihi naye atanielewa upesi. Shule hulipa vikundi vya waigizaji vije kuwaonyesha wanafunzi tamthilia teule kama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege jukwaani, kwa sababu mwanafunzi aliyeona mhusika akitembea hakosi cha kuandika juu yake. Onyesho zuri likirekodiwa kwa idhini na kuwekwa maktabani, shule isiyo na pesa za kulipa kikundi itaona kile ilichoona shule tajiri. Kuhusu maadili, hofu hiyo ina ofisi yake: Bodi ya Uainishaji wa Filamu hupanga kila filamu kwa umri, na mkutubi hana haja ya kuwa hakimu.

Hata hivyo pendekezo hili lina tundu ambalo siwezi kulifunika. Maktaba inayojulikana upande huu wa Kiambu iko mjini Thika, kilomita ishirini na kitu kutoka Wendani, na Ruiru, ambayo Wendani ni sehemu yake na iliyohesabiwa na sensa ya 2019 kuwa na wakazi 490,120, haiwezi kuambiwa ipande matatu kufuata muvi. Lakini jengo si lazima litangulie. Huduma ya Maktaba imekuwa ikiwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia tangu 1996. Kabla ya hapo, kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, ulizungusha filamu kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, ukiwafundisha Waafrika namna ya kulima na kulipa kodi. Nia yao tunaijua na hatuitamani, lakini barabara za wakati huo zilikuwa mbaya kuliko za sasa na filamu zilifika. Leo filamu mia zinaingia katika kifaa kinachotosha mfukoni. Kaunti inaweza kuweka dawati moja Wendani, ndani ya ofisi ya wadi au ukumbi wa jamii, lenye mkutubi mmoja, daftari la wanachama na flashi zenye namba, na kila Ijumaa gari likaleta mpya kutoka Thika. Wasio na kompyuta nyumbani wapangiwe ukumbi huohuo jioni moja kwa wiki.

Na wale wanaosema Wakenya hawana hamu na filamu zao wakumbuke Septemba 2018. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, ilikuwa imepigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji. Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu, na tiketi zikagombaniwa. Hamu ipo. Pa kuanzia pia papo, na hapahitaji sheria mpya: Tume ya Filamu, inayoendeshwa kwa kodi, iweke kifungu kimoja katika kila mkataba wa msaada inaotoa, kwamba filamu itakayotengenezwa kwa fedha hizo itakabidhiwa maktaba za kaunti, na ruhusa ya kuiazimisha, mwaka mmoja baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza. Kiambu nayo haina sababu ya kusubiri Tume. Watengenezaji wanafahamika, na bei ya nakala kumi ni kikao kimoja cha kamati.