Fahamu: ADHD kazini, na bosi anayeulizika
Ghala la mbegu Kitale, msimu wa upanzi: simu zinalia, malori yamepanga foleni, msimamizi anatoa maagizo matano kwa mpigo. Karani mwenye ADHD, hali ya ubongo inayoyumbisha umakini hata ukubwani, huenda akasahau mawili. Akihofia kufokewa, haulizi.

Uvivu? La. Ni hofu, na hofu huficha makosa.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha utafiti wake mwaka 1996: timu bora za hospitali ziliripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwani wauguzi hawakuogopa kusema.

Meneja wa ghala kama hilo hahitaji bajeti kubwa; maagizo yaandikwe, moja moja, na muda wa mwisho. Tena Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu.