Banda la Kuku la Wote: Mzuie Mwizi, Usiizuie Hewa

Pembezoni mwa mji wa Wote, kwenye ploti za hamsini kwa mia, mabanda ya kuku ni ya aina mbili. Lipo la mabati matupu toka chini hadi juu, lenye kufuli mbili na tundu la hewa ambalo hata ngumi haipiti. Lipo na la fito za mkonge lililoegemezwa jikoni, ambamo kuku hubanana gizani. Mwenye la kwanza anamhofia mwizi, mwenye la pili anamhofia kanu, na hofu zao si za bure. Lakini mwizi huja mara moja akaenda. Joto, hewa chafu na papasi havikosi hata usiku mmoja, na banda lililojengwa kama jela huvikaribisha vyote vitatu.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo linalotutofautisha na wafugaji wa Kiambu au Nyandarua, ambao ramani zao za mabanda tunazinakili bila kuuliza. Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake una nyuzi 41 hivi za joto, na akizidiwa hana budi kuachama na kuhema. Hewa ikipita nyuzi 30, chakula humchosha, maji humwisha haraka, na kule kuhema humpotezea kaboni dioksaidi ambayo mwili unaihitaji ili kutengeneza ganda la yai. Basi ukiona mayai ya ganda jembamba mwezi wa Februari au Machi, kabla hujakimbilia duka la dawa za mifugo, ingia bandani saa nane mchana ukae humo dakika kumi. Ukishindwa wewe, usishangae kuku akishindwa.

Dawa ya kwanza ni kuligeuza banda lielekee inavyofaa. Wote iko kusini kidogo tu ya ikweta, haizidi nyuzi mbili. Mwaka mzima jua linachomoza mashariki na kuzama magharibi karibu juu ya kichwa, likiegemea kaskazini ifikapo Juni na kusini ifikapo Desemba. Kwa hiyo urefu wa banda uende mashariki hadi magharibi. Kuta mbili fupi, zinazopigwa na jua la asubuhi na la jioni, ziwe nzima. Kuta mbili ndefu, za kaskazini na kusini, ziachwe wazi kuanzia usawa wa goti au paja kwenda juu, zizibwe kwa wavu tu. Paa likitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, saa sita mchana ya Juni linatia kivuli kinachozidi mita moja kwenda chini, na upande wa kusini hali ni karibu hiyo hiyo Desemba.

Chukua mfano wa kuku ishirini wa kienyeji, idadi ambayo familia inaimudu kwa makombo, mtama na kununua chakula kidogo. Kuku wanne kwa kila mita ya mraba ni kipimo cha haki, hivyo banda la mita 3 kwa mita 1.8 linawatosha na nafasi kidogo inabaki. Huo upana wa mita 1.8 nimeuchagua makusudi: ukiongeza sentimita 60 za kivuli kila upande unapata mita tatu kamili, yaani urefu wa bati moja linalouzwa dukani. Mabati matano yanafunika banda zima bila kukata wala kuunga. Fundi atakusukuma uweke paa la chini ili uokoe mbao. Mkatalie. Upande mfupi wa paa usipungue mita mbili, kwa sababu bati likipata moto wa mchana humwaga joto chini, na kadiri lilivyo karibu na mgongo wa kuku ndivyo linavyomuumiza. Tabaka la nyasi juu ya bati, likifungwa kwa waya lisipeperuke, husaidia sana, ingawa huna budi kulikagua panya wasizaliane humo.

Ukuta wa magharibi una hila yake. Matofali ya kuchomwa, ambayo hapa ndiyo rahisi kupatikana, hunywa jua la alasiri na kulirudisha ndani polepole kuanzia saa moja usiku, wakati ule ule kuku wanapopanda kulala. Upake chokaa nyeupe kwa nje, panda mpapai au mbaazi mbele yake, na vilalio viwekwe upande wa mashariki.

Sasa huo wavu. Wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke. Kanu na kicheche huusukuma au kuutafuna. Nunua wavu mzito wa kuchomelewa wenye matundu ya nusu inchi, ambao hata panya mkubwa haupenyi. Bei yake inauma, ndiyo, ila unauhitaji kwenye kuta mbili tu, na ukuta wa tofali ulio chini yake ukizikwa sentimita 30 ardhini unamvunja moyo mchimbaji. Kwa mwizi wa miguu miwili, weka mlango upande unaoonekana toka dirisha la chumba cha kulala. Mlango uwe wa kimo cha mtu na ufunguke kwa nje, maana matandiko hurundikana ndani yakauzuia. Banda la kuingia kwa magoti halifagiliwi. Hilo sihitaji kulithibitisha kwa yeyote aliyewahi kuwa na moja.

Mwezi wa Julai, baridi ya asubuhi inapoteremka toka vilima vya Mbooni, shusha mapazia ya magunia upande wa upepo, ukiacha wazi sehemu ya juu chini ya paa. Kuku mkubwa mkavu anastahimili baridi ya Wote. Vifaranga ndio wanaohitaji joto, na hao wawe na kisanduku chao.

Nikija kwa wadudu, hapa ndipo ukame wetu unapotugharimu bila kelele. Papasi wa kuku, yule bapa wa kijivu, haishi mwilini mwa kuku. Mchana hujificha kwenye nyufa za ukuta na chini ya magamba ya fito, usiku hutoka kunyonya damu, na huweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Ndiyo maana mtu huliacha banda tupu miezi mitatu baada ya kuku kufa, akaleta wengine, nao wakaanza kukonda na kupauka upanga. Kiroboto yule anayegandana kuzunguka macho hufuata njia nyingine: mayai yake huanguka kwenye vumbi kavu la sakafuni na kukulia humo. Dawa za kunyunyiza zipo, na zitumike kwa ushauri wa daktari wa mifugo, lakini hazifiki ndani ya ufa. Piga lipu ukuta wa ndani uwe laini. Sakafu iwe ya saruji, hata nyembamba, juu yake maranda ya mbao ya sentimita 8 hadi 10. Ukimwaga maranda juu ya udongo mtupu, mchwa watakuwa wameyamaliza ndani ya wiki chache. Nguzo ziwe za mukau ukizipata, mti wetu ambao kiini chake mchwa hawakigusi kirahisi. Fito za mkonge ziache kwa ua la nje.

Vilalio vibanduliwe. Fito mbili za mita mbili zinawatosha kuku ishirini, kila mmoja sentimita 20, zikikaa kwenye vishikio badala ya kupigiliwa misumari. Mara moja kwa mwezi zitoe juani na kuzimwagia maji yanayochemka. Viota vinne, sentimita 30 kila upande, viwe chini kuliko vilalio, vinginevyo kuku watalala humo na kuchafua mayai.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie aache nafasi ya mfereji wa maji kwenye upande wa chini wa paa. Paa hilo la karibu mita 11 za mraba, kama hukulifunika kwa nyasi, mvua ya milimita 20 ikinyesha Novemba, linakupa lita 200 hivi, pipa moja la kawaida. Kuku mzima hunywa robo lita kwa siku, na nusu lita joto likipanda. Ishirini wanamaliza lita kumi. Pipa moja, siku ishirini, bila kumlipa mwenye punda. Na mbali na banda kubwa, jenga kizimba kidogo cha kuku mpya kutoka sokoni. Akae humo wiki mbili, kwa sababu kideri huingia bomani kwa miguu ya kuku mgeni, na wavu hata uwe mzito vipi haukizuii. Hicho huzuiwa kwa chanjo, ambayo hurudiwa kila miezi mitatu au minne, na ni rahisi kuitia jioni kuku wakiwa wamepanga mstari kwenye vilalio, ndani ya banda unaloweza kusimama wima.